Mzee Tuone Anatoka Chini ya Magari

Aliyeandika rasimu ya kwanza ya wasifu huu aone haya. Eti "mtumishi mtiifu aliyefuata maelekezo ya wakubwa wake kwa miaka thelathini na mitatu." Ulikuwa unamzungumzia nani? Mzee Tuone angefuata maelekezo, leo wateja wetu wangekuwa wamehamia kwingine na wewe ungekuwa unaandika rasimu nyumbani kwa mama yako. Karatasi yako nimefutia kioo cha mapokezi, na kioo kimetakata. Hii ndiyo mtakayoisikia leo, kutoka kwangu mimi ninayepiga deki na kuwachemshia chai.

Mzee Tuone ameitumikia karakana hii miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Anastaafu leo Ijumaa, tarehe ishirini na tisa, saa kumi jioni, akiwa na meno yake yote na goti moja zima kati ya mawili. Amekuwa msaidizi wa stoo, fundi wa breki, fundi wa usukani, mwosha magari, na miaka tisa hii ya mwisho amekuwa Mkaguzi. Cheo hicho ndicho kinachonitoa jasho. Tangu Jumatatu kuna tangazo ubaoni: kuanzia wiki ijayo kazi ya ukaguzi itafanywa na mapokezi, "kwa muda." Mzee alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena, akaondoka. Kama hujui kwa nini mtu anakuja kwenye sherehe yake na uso wa msibani, sikiliza mpaka mwisho.

Jina la Tuone alipewa na mafundi wenzake, na hawakumpa kwa mapenzi. Ukimwambia shokomzoba inavuja, anasema tuone. Ukimwambia nje mvua inanyesha, anatoa kichwa dirishani. Mkewe, wifi yangu huyu aliyekaa mbele na gauni la bluu, anasema mkunga alipotoka kumwambia amepata mapacha, alijibu, "Tuone." Mkunga akamfukuza wodini.

Lakini hakuzaliwa hivyo, msidanganyane. Mwaka wake wa nne hapa alipewa karatasi ya gari la mama mmoja mshona nguo. Gari lilikuwa linavuta kushoto. Karatasi ilisema usukani umekufa kuanzia chini, ung'olewe, uwekwe mpya. Akang'oa, akaweka, akasifiwa kwa kumaliza kabla ya chakula cha mchana, roho kwatu. Chuma cha zamani kilikuwa cha kutupwa, yeye akakibeba nyumbani. Alitaka tu kujua kitu kilichokufa kinafananaje kwa ndani. Akakifungulia juu ya meza ya kulia chakula, na kelele alizopiga wifi kwa ajili ya kitambaa chake zilisikika kwa majirani. Ndani, meno yote mazima. Grisi safi. Chuma kilikuwa na afya kumzidi fundi.

Wiki hiyo hiyo yule mama akarudi. Gari bado linavuta kushoto. Safari hii Mzee akalala chali chini yake na tochi, akakuta nati moja imelegea upande wa gurudumu. Akaikaza kwa nguvu za mkono mmoja, akatoka, akamweleza ukweli wote, na chuma chake cha zamani akamrudishia. Yule mama hakumtukana. Alimwangalia tu, akamwuliza, "Kwani mara ya kwanza hukuangalia?" Mzee aliniambia swali hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Tangu siku ile hajawahi kugusa spana kabla ya tochi.

Kuna waliofaidi. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuja na gari linalolia kila gurudumu likizunguka, mpaka mbwa wa mtaani kwake walikuwa wanamfuata. Mapokezi walishamwandikia diski mbili za breki na pedi zake zote. Mzee Tuone akamvuta mwalimu chini ya gari na shati lake jeupe, akachokonoa kwa bisibisi, kajiwe kakadondoka, kadogo kama punje ya harage. Kelele zikaisha. Mwalimu akabaki amekashika kiganjani anauliza kalipitaje mle, na wale watu wazima wawili wakalala pale nusu saa wakibishana juu ya njia ya kajiwe huku foleni imejaa nje. Hilo nalo nalisema, kwa sababu Mzee alikuwa mchelewaji wa kutisha, na ningekuwa mteja wa nyuma yake ningemvuta miguu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Miaka kumi iliyopita, asubuhi moja, nilikuwa napiga deki mapokezi nikaona rundo la karatasi za ukaguzi juu ya kaunta. Kusoma kwangu ni kwa kukokota, lakini alama ya vema naijua. Karatasi zote zilikuwa zimeshapigwa vema: badilisha hiki, badilisha kile. Nikatazama nje. Geti bado lina mnyororo. Hakuna gari hata moja lililoingia. Nikasimama na dekio langu linachuruzika maji kwenye sakafu niliyokwisha kukausha, najiuliza: hawa wanajuaje ugonjwa wa gari ambalo bado liko nyumbani kwa mwenyewe? Swali likanifuata chooni, likanifuata kwenye jiko la chai, mpaka nikamwita Mzee Tuone nikamweleza. Alichojibu mnakijua.

Tukachunguza siku kumi. Mimi kila asubuhi nilinakili karatasi ya juu kwenye kifuniko cha boksi la majani ya chai, yeye akalikagua gari la kwanza kuingia. Pedi zilizoandikwa zimeisha zilikuwa nene kama biskuti. Filta iliyoandikwa chafu tulikuwa tumeiweka sisi wenyewe wiki mbili nyuma. Kila siku nilikuwa nangoja jibu kama mtu anayefuatilia mchezo wa redio. Siku ya saba ndiyo iliyonikalisha juu ya ndoo. Karatasi ilisema gari libadilishwe plagi zote nne. Lililoingia lilikuwa gari la kusambaza mkate, na gari la mkate lilitumia dizeli. Kwa msiojua, na wengine mnakaa mapokezi, plagi za cheche ni za injini ya petroli. Dizeli haina habari nazo. Walikuwa wameagiza king'olewe kitu ambacho gari halijapata kuwa nacho tangu litoke kiwandani.

Dereva wa mkate alicheka mpaka akashikilia mlango. "Jamani, mkizikosa msije mkaniwekea za kuazima!" Halafu kicheko kikamkatika. Akauliza, taratibu, "Na zile mlizonibadilishia mwaka jana, mlizibadilisha wapi?"

Mzee akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Mimi nilikuwepo.

Nilitaka kujua mtu mzima anafikaje hapo, na nikaja kujua. Meneja wa wakati ule alikuwa na sheria yake: kila gari litoke na vitu vitatu vya kuongezwa, liwe bovu, liwe zima. Aliyeongeza vingi picha yake ilitundikwa karibu na chumba cha chai, na mwezi mzima aliegesha gari lake kivulini. Watu wenye wake na wakwe wanagombania kivuli! Na hawakuwa wabaya. Mmoja wao alinisaidia kumbeba mume wangu kumpeleka hospitali. Ila asubuhi alikuwa anakunywa chai kwa mkono mmoja na kupiga vema kwa mwingine, bila hata kuangalia kalamu inapoangukia.

Mzee Tuone aliipeleka ile karatasi ya dizeli kwenye kikao cha asubuhi. Hakupayuka. Alisema, "Bosi, naomba unionyeshe plagi zilipo, nami nitazibadilisha sasa hivi." Bosi akatazama kalenda ukutani kana kwamba jibu limeandikwa kwenye sikukuu. Jumatatu iliyofuata Mzee alikabidhiwa mpira wa maji na ndoo ya sabuni. Fundi wa miaka ishirini na tatu kazini, anaosha magari. Miezi kumi na mmoja. Aliyeandika "mtiifu" aandike na hilo.

Akaosha. Na kwa kuwa hawezi kuacha, alikuwa anaosha mpaka chini, na akiosha chini anaangalia. Siku moja dereva wa mkate akafika, akawapita mapokezi bila salamu, ufunguo mkononi, mpaka katikati ya povu. "Mzee, gari langu utaliona wewe kwanza, ndipo wao waandike." Wiki iliyofuata walikuwa watatu. Baadaye foleni ya kuosha ikafika getini, na mapokezi wanapiga miayo. Nakumbuka bibi mmoja wa rika langu, gari lake linang'aa mpaka unaweza kuchania nywele, anaapa mbele ya watu kwamba ni chafu.

Hapo ndipo ulipokuja wewe, mwanangu meneja, na hapa nakusifu kwa sababu sina tabia ya kumnyima mtu haki yake. Meneja aliyekutangulia alihamishwa, ukaja wewe, ukasimama dirishani siku yako ya pili ukauliza kwa nini magari safi yanapanga foleni ya kuoshwa. Wakakupa majibu ya ofisini. Hukuridhika. Ulishuka mwenyewe na viatu vyako vya ngozi, ukaingia kwenye maji, ukamwuliza Mzee, naye akakwambia. Ndipo ulipounda kazi ya Mkaguzi. Karatasi ikae nyeupe mpaka Mkaguzi na mwenye gari waingie chini pamoja, waone kwa macho yao, watie saini wote wawili. Picha za ukutani ukazishusha. Tangu hapo hakuna mteja aliyetoka hapa amebadilishiwa kitu kizima. Miaka tisa, na nyie mnaokaa na wateja mnajua nasema kweli.

Sasa nataka kujua, na nauliza kwa sababu kweli sielewi: imekuwaje? Wewe uliyeloweka viatu ili ujue, leo unawaachia mapokezi wajikague? Wanaouza spea ndio watuambie spea gani inahitajika? Ungemwita muuza majeneza aje akupime homa? Na hilo neno "kwa muda" usiniletee mimi. Ndoo iliyo chini ya dari la stoo iliwekwa kwa muda. Wakati huo mjukuu wangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa, na sasa anavaa viatu namba yangu.

Usiseme hakuna mtu. Yupo. Fundi wetu wa umeme, huyu tunayemwita Mama Fyuzi, amelala chini ya magari pamoja na Mzee miaka sita, tochi kwa tochi. Mwaka jana Mzee alishaandika kwamba bushi, ile raba ya gurudumu la nyuma, imechanika, kalamu iko kwenye saini. Mama Fyuzi akamwambia, "Mzee, hebu tuone." Alipangusa kwa kitambaa, na ule mchaniko ukatoka wote: ulikuwa mstari wa tope lililokauka. Bushi ilikuwa nzima kama imetoka dukani. Mzee akavua kofia, akamgeukia mwenye gari. "Nilikuwa naelekea kukuibia bila kukusudia. Mshukuru mama huyu." Akachana karatasi, akaandika nyingine, jina la Mama Fyuzi juu, lake chini. Alipokuja kunywa chai aliniambia, "Dada, sasa naweza kustaafu." Uso wake siku ile ulikuwa umekunjuka. Linganisheni na wa leo.

Ofisi imemnunulia saa ya ukutani. Mtu aliyeamka alfajiri miaka thelathini na mitatu mnampa saa ya nini, achelewe wapi? Hakuomba saa. Ameomba jambo moja tu kwa barua, na barua hiyo nimeipeleka mimi kwa mkono wangu na kuiweka juu ya meza ya meneja siku kumi zilizopita: kazi ya Mkaguzi abaki nayo mtu anayeangalia. Barua haijajibiwa.

Mzee Tuone, kwa niaba ya mafundi, stoo, waosha magari, jiko la chai, na hata mapokezi ambao leo wamevaa tai kwa ajili yako, ahsante. Ulitufundisha kuuliza hata pale ilipokuwa rahisi kukaa kimya na kunywa chai. Mimi binafsi ulinifanya mwanamke wa umri huu ninyanyue boneti ya gari la mkwe wangu na kumwambia fundi wake ni mwongo, na alikuwa mwongo. Nenda ukapumzike na wifi. Goti lako lipone, udadisi wako usipone kamwe, na miaka iliyobaki iwe mingi na yenye kheri.

Na sasa wewe, mwanangu meneja. Usimwangalie katibu, hajaandika hata neno moja la haya. Keki isikatwe bado. Kalamu unayo mfukoni, naiona. Nenda ubaoni, lile tangazo libandue, andika jingine lenye jina la Mama Fyuzi, weka sahihi na mhuri, ulilete hapa ulisome kwa sauti, Mzee akilisikia. Wengine wote kaeni chini mumngoje.