Jiwe la Kilo

Fundi mizani alikuwa amelipakata jiwe lake la kilo ndani ya basi, kalifunga fulana kama kichanga, jasho la mkono lisije likaliongezea uzito. Mshonaji nguo aliyekaa kiti cha nyuma yake alijifanya anasinzia, masikio wazi.

"Nyinyi wa falsafa, mzee wangu, hambishani mkamaliza," fundi alimtania mwalimu mstaafu aliyekaa naye. "Sisi tunapima, yanaisha."

"Na jiwe lako lilipimwa kwa lipi, mwanangu?"

"La ofisini."

"Na hilo?"

"La makao makuu."

"Na hilo la makao makuu?"

Fundi alicheka. Basi likasimama, mwalimu akashuka.

"Mzee! Jibu je?" fundi alipaza sauti dirishani.

"Ningelijua, baba, si ningekuwa fundi kama wewe!"

Mshonaji alitoa futi yake ya kupimia, aliyoitumia miaka ishirini, akaitazama, akaanza kuwahurumia wateja wote aliowaambia wamenenepa.