Weizero Yeshimebet na Jiko la Saa Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kompyuta cha chuo chetu hapa Jimma, mama yetu Weizero Yeshimebet Alemneh anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi wetu wa Sene. Aliajiriwa kupiga chapa barua. Mashine ya kupigia chapa ilikufa, yeye akabaki, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia kazi yake ni ipi hasa.

Seva yetu tunaitumia sote, lakini nywila ya msimamizi anayo bwana mmoja tu, Ato Zelleke, ambaye hajamtajia hata mkewe. Weizero Yeshimebet alikuwa na akaunti ya kawaida, kama ya mwanafunzi. Kila mtandao uliposumbua alijaribu zana zote za uchunguzi, na karibu zote zilimjibu kwamba hana ruhusa. Hakununa. Aliyachapa maneno hayo, "Huna ruhusa", akayabandika kwenye jebena, birika la kahawa la ofisi, na kuanzia siku hiyo hakuna mwingine aliyepika kahawa.

Zana mbili hazikumnyima. Moja hutuma ujumbe mdogo na kungoja jibu. Nyingine huonyesha vituo ambavyo ujumbe hupitia. Hizo zilimtosha.

Miaka miwili iliyopita, wiki ya kutuma wizarani majina ya wahitimu, mtandao ulianza kukatika kila siku. Mwisho wa kuyatuma ulikuwa Ijumaa. Majina yasipofika, wahitimu wangesubiri mwaka mzima. Sote tuliilaumu Addis Ababa, kwa kuwa iko mbali na haijitetei. Mkuu wa chuo alitangaza kwamba atakayebainika kuharibu mtandao atafute kazi kwingine. Ato Zelleke alikuwa arusini Gondar, simu kaizima, nywila kaondoka nayo kichwani.

Kwa siku tatu Weizero Yeshimebet alituma ujumbe wake mdogo kila dakika na kuandika majibu daftarini. Alhamisi saa nne, mtandao ukiwa umekatika tena, akatukusanya. Ujumbe, alisema, haufiki hata kituo cha kwanza, yaani ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao kilicho ukutani juu ya meza ya kahawa. Tena hukwama saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, nusu saa hivi, kisha mambo hurudi sawa. Akauliza nani huwasha nini saa hizo. Kila mtu akaangalia kikombe chake. Ndipo mlinzi wetu, mzee Tolera, ambaye hajui kompyuta wala hana hamu ya kuijua, akasema taratibu:

"Mama, lile jiko jipya la umeme la kahawa si unawasha wewe?"

Aliinuka, akalichomoa jiko, lililokuwa likinyonya umeme kwenye waya uleule unaolisha ruta. Majibu yakaanza kumiminika kwenye skrini.

Angeweza kunyamaza. Alibakiza miaka miwili apate pensheni, na sisi tulikuwa tayari kuapa kwamba ni panya. Majina yalipokwisha kwenda, aliandika ripoti ya mstari mmoja, akaigonga mhuri: "Chanzo cha tatizo: mimi." Mkuu aliisoma mara mbili, akauliza kahawa sasa itapikiwa wapi. Inapikiwa uani, kwa mkaa, na Mkuu huja kila siku saa nne bila kualikwa.

Ato Zelleke aliporudi aliona aibu, akamwandikia nywila kwenye karatasi. Weizero Yeshimebet akamrudishia.

"Kaa nayo mwenyewe, mwanangu. Nikiwa nayo, mtandao ukikatika mtasema ni mimi."

Alipokumbushwa kwamba kweli alikuwa ni yeye, akasema ndiyo maana.

Weizero Yeshimebet, asante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na kahawa isiyomkatia mtu mtandao. Kwa kufuata utaratibu wako, tunaambatanisha ripoti yetu. Tangu wiki iliyopita chumba chetu hakifanyi kazi ipasavyo. Watumishi wanasahau walichokuwa wakiandika. Mzee Tolera anafuta macho na kusingizia moshi wa mkaa. Ato Zelleke ametakiwa aifunge akaunti yako, anadai hana ruhusa. Vituo vyote vimepimwa. Chanzo cha tatizo: wewe.