Mwalimu Theresia na Kiingereza cha Kila Siku

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja Ihanja kutufariji, mimi ni Naftali Mghenyi, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya dada yangu.

Mwalimu Theresia Mghenyi alizaliwa Ilongero tarehe 14 Machi 1932, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akaenda chuo cha ualimu, na Januari 1952 akarudi Ilongero kufundisha. Tarehe 6 Agosti 1955 alifunga ndoa na shemeji yetu Alphonce Mkhandi, mkulima wa hapa Ihanja, wakajaliwa watoto watatu, Martina, Simoni na Dina.

Novemba 1961, Uhuru ukikaribia, Martina aliugua malaria kali, akapewa kwinini zahanati asubuhi, kisha akapelekwa hospitali kwa daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Dada alisema mtoto amekwisha kunywa dawa, lakini mkalimani akatafsiri kwamba atakunywa, na daktari akaanza kuandaa sindano ya dawa ileile. Dada yangu, aliyeandika sarufi ya Kiingereza ubaoni miaka yote bila kuzungumza na Mzungu hata mmoja, alishika mkono wa daktari, akasema, "She has taken it. This morning." Daktari akaiweka sindano chini, na Martina yuko nasi hapa leo.

Tangu siku hiyo alianzisha darasa la Jumamosi, bila malipo, kwa makarani, wauguzi, madereva na yeyote aliyetaka. Alisema Kiingereza cha kupasi mtihani anakijua kila mtu, yeye anataka cha kutumia. Aliwafundisha kutenganisha "he" na "she", maana kwetu yeye ni yeye tu, akawafundisha pia mahali pa kuweka mkato na mahali pa kuweka nukta, na aliyekosea alirudia mpaka darasa zima limsikie vizuri.

Mwaka 1968, akiwa amehamia shule ya hapa Ihanja, aliitwa kwenye mkutano wa kijiji, na wapo waliotaka darasa lifungwe. Mwenyekiti wetu, Ndugu Melkizedeki, alimuuliza, "Mwalimu, mkoloni ameondoka, mbona wewe bado unamfundishia lugha yake?"

Dada akasimama, akajibu, "Ndugu Mwenyekiti, trekta ya kijiji imekuja na kitabu cha Kiingereza. Nataka kijana wa hapa akisome mwenyewe, tusije tukamwita mkoloni arudi kutusomea."

Mkutano ulicheka, naye Mwenyekiti akacheka, akaruhusu darasa liendelee jioni baada ya shamba la ujamaa, kwa sharti kwamba afundishe pia watu wazima kusoma Kiswahili. Alifundisha yote mawili. Mwenyekiti mwenyewe akajiandikisha, na siku alipofika mgeni wa kilimo akamwambia kwa Kiingereza kwamba anamwazima kiti, akatumia neno "borrow", la mwenye kuomba. Dada akasema taratibu, "Lend, Ndugu Mwenyekiti," naye akarudia bila kununa, na nafurahi kumwona ameketi hapa mbele.

Mwaka jana alianza kuugua figo, akalazwa mara kadhaa. Juma lililopita muuguzi aliyekuwa mwanafunzi wake alimweleza daktari habari zake kwa Kiingereza, na dada, akiwa amefumba macho, akasema, "Vizuri sana, Lea. Hujakosea." Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1976, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliochota maji na kupika tangu msiba ulipotufika, walimu wenzake, na uongozi wa kijiji uliosimamisha kazi za shamba ili wote mje kumsindikiza.

Dada Theresia, umetufundisha kusema mbele ya mtu yeyote bila kuinamisha kichwa. Tunakushukuru, tunajivunia wewe, ulale kwa amani.