Chanja Isiyotua Nzi

MWANAHIJA: Haloo? Nani huyo? Namba siijui.

ZULFA: Mimi Zulfa, mama. Shikamoo. Simu ya mwenzangu wa chuo hii.

MWANAHIJA: Marahaba. Haya, msomi, ushakuwa daktari?

ZULFA: Bado! Ila utafiti wangu umekubaliwa. Ule wa dawa za wadudu na nzi wa matun—

MWANAHIJA: Nzi! Kisiwa kizima cha Juani nimewatambia mwanangu yuko Morogoro anasoma, kumbe anafuga nzi!

ZULFA: [anacheka] Sikiliza. Seli moja mwilini inaiambia nyingine kaza, halafu legeza. Dawa ikiingia, ile legeza haifiki. Nzi anabaki anatetemeka tu.

MWANAHIJA: Marehemu baba yako nilimwambia miaka yote hakusikia, sembuse nzi! [mtandao unakwaruza] Njoo usome kwangu. Chanja yangu ya kuanikia samaki haitui nzi hata mmoja.

ZULFA: Kwa nini?

MWANAHIJA: Wifi yako Umi anawapaka ile dawa ya kaka yako Sudi ya kupulizia kunde. Anaikoroga kwa mkono, anapaka, wanakauka safi—

ZULFA: Kwa mkono? Mama, dawa hiyo ndiyo—

MWANAHIJA: Ndiyo nini? Unataka nianike funza? Na huyo Umi toka asubuhi kajilaza. Mara machozi, mara mate, mara anatetemeka. Mimba ya miezi mitano tu, kudeka huko! Mimi wewe nimekuzaa natoka kuchokoa pweza.

ZULFA: Machozi, mate, na kutetemeka?

MWANAHIJA: Si ndivyo nilivyosema?

ZULFA: Mtazame mboni za macho.

MWANAHIJA: Miye tena nimekuwa—

ZULFA: Mtazame, mama!

MWANAHIJA: Unanifokea? Haya. We Umi, fumbua macho, wifi yako anataka kukupima kama nzi wake. [anamtazama] Zulfa…

ZULFA: Zikoje?

MWANAHIJA: Ndogo. Kama tundu la sindano.

ZULFA: Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni, na nywele. Wewe jifunge mifuko ya plastiki mikononi kwanza. Kisha hospitali Kilindoni, na chupa ya dawa mwende nayo. Samaki msile!

MWANAHIJA: Sudi! Sudi wee! Mwambie Muhidini awashe boti! Mkeo—

ZULFA: Mama, dakika za simu zinaisha—

MWANAHIJA: Ngoja! Hao nzi wako… wale wanaoingiwa na dawa wakiwa na mayai tumboni. Yanaangua?

ZULFA: Mama, nendeni. Nendeni pwani sasa hivi.

MWANAHIJA: Nakuuliza, Zulfa, yanaangua?

[Simu imekatika.]