Ukurasa wa Pili wa Mguu wa Breki

Mbele ya karakana ya matairi kuna benchi linalotosha watu watatu na hukaliwa na wanne, na tangu mwezi uliopita mmoja wao ana mguu ulionyooshwa kwenye plasta. Huyo ni Breki, dereva wa pikipiki. Alikuwa anajipitia pole pole pale mwenye gari jeupe alipofungua mlango bila kutazama nyuma. Breki akaruka, akatua, muundi ukavunjika sehemu mbili. Leo saa kumi anakuja mkaguzi wa bima ya gari lile, na ripoti yake ndiyo itakayosema kama Breki atapata fidia au pole tupu. Kijiwe kikamteua Digrii aandike maelezo. Digrii alimaliza chuo miaka minne iliyopita, na tangu hapo hajaajiriwa na mtu yeyote zaidi ya benchi hili. Ana kalamu, ana karatasi, ana hasira na dunia nzima. Na leo, ingawa hatakiri hata kwa viboko, ana raha.

Pancha, fundi wa matairi na mwenye birika, ndiye aliyeanza.

Pancha: Andika mlango. Mlango umefunguliwa na mtu, basi mtu alipe. Nani hajapata kahawa?

Digrii: Hilo nimeshaandika tangu asubuhi. Duty of care, baba! Anayefungua mlango barabarani ana wajibu wa kutazama kwanza. Case closed, tunywe.

Mzee Wakili akakohoa. Huyu alifagia korido za mahakama miaka ishirini na miwili, na alichokisikia kupitia milango iliyofungwa anaona kinamtosha kufungua chuo.

Wakili: Kijana, kesi haifungwi kabla haijafunguliwa. Watauliza kofia.

Breki: Nilikuwa nayo.

Pancha: Kichwani?

Breki: Kiwikoni. Jua lilikuwa kali, ndugu zangu.

Digrii: Yes! Hapo ndipo watakapotupiga contributory negligence. Yaani na wewe umechangia kuumia, kwa hiyo fidia inamegwa. Lakini niambieni, kofia gani huvaliwa kwenye muundi? Kichwa chake si hiki hapa, kizima? Kitupu, lakini kizima.

Breki akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Pancha akamfuta kidevu kwa kitambaa chenye grisi kidogo tu.

Wakili: Mimi nasema tupanue wigo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kweli si kweli?

Pancha: Kweli tupu.

Wakili: Basi mkuu alijua guu litavunjika. Amejua, amenyamaza. Ashtakiwe.

Digrii: Mkuu gani, mzee wangu?

Wakili: Atapatikana. Wakuu hawajawahi kuadimika.

Pancha: Tumdai aliyejenga barabara. Ingekuwa pana, mlango ungefunguka mpaka mwisho na Breki angepita na abiria na kuku wake.

Wakili: Ndiyo maana wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Pancha: Kisima kimeingiaje hapo?

Wakili: Barabara ni kisima kilicholazwa.

Siku nyingine Digrii angewararua wote wawili kwa ulimi. Lakini amefanya intavyuu kumi na saba, na hakuna hata moja ambayo mtu alimngoja amalize sentensi. Hapa, kila akishusha kalamu kwenye karatasi, watu wazima walinyamaza.

Pancha: Na yule dereva, mnadhani alishuka garini hivi hivi? Ameitwa. Kaitwa na mke. Mke hajapika, gesi imekwisha. Andika muuza gesi.

Digrii: Kwa hesabu hiyo tukuandike na wewe. Nani alimjazia upepo asubuhi ile? Tairi lingekuwa bapa, Breki angeshinda kwake.

Pancha akaliweka birika chini.

Pancha: Nililijaza vizuri sana lile tairi. Niandike.

Digrii: Aa, kaka, natania!

Pancha: Niandike tu, kama itamsaidia.

Breki: Acheni bwana. Huyu mkaguzi akikataa, nauza pikipiki nikae hapa mpaka niote mizizi.

— Hodi hapo!

Alikuwa mwanamke wa makamo, faili kwapani, vumbi mpaka vifundoni. Akajitambulisha, akapokea kahawa, akasoma karatasi ya Digrii mpaka chini.

Mkaguzi: Kazi nzuri. Ila nani mwenye kosa si ugomvi tena. Mwenye gari alikiri polisi siku ileile. Mimi nimekuja kwa ukurasa wa pili.

Wakili: Kuna ukurasa wa pili?

Mkaguzi: Wa majeraha. Ndugu yangu, tangu uvunjike, kitu gani ulikuwa unafanya mwenyewe na sasa huwezi?

Breki akajikuna juu ya plasta, akifikiri.

Mkaguzi: Kuoga?

Breki: Mzee Wakili hunitengea maji na kiti.

Mkaguzi: Kuvaa?

Breki: Pancha hunivalisha.

Mkaguzi: Ngazi?

Breki: Digrii hunibeba. Kwa kweli, dada, sijui nisichoweza. Hawa hawajaniachia nijaribu.

Mkaguzi akawageukia wengine. Digrii, aliyekuwa na Kiingereza cha kumwaga, alifunika kalamu yake. Wakili alikagua kucha. Pancha alikunja kile kitambaa mara nne, akakikunjua.

Mkaguzi: Basi na ajaribu sasa hivi. Kutoka hapa mpaka kwenye nguzo ile.

Watatu wakainuka kumshika.

Mkaguzi: Mwacheni!

Wakakaa juu ya mikono yao. Breki akachukua magongo yake, ambayo bado yalikuwa na nailoni ya dukani. Hatua ya kwanza ikaenda. Ya nne ikayumba, Pancha akafumba macho. Kabla ya nusu ya njia, Breki akasimama, jasho jembamba usoni, akicheka kama aliyeshinda.

Breki: Hapa ndipo mwisho wangu!

Digrii: Hatua tisa. Nimehesabu.

Mkaguzi: Kwa mtu wa kushinda barabarani kutwa, hatua tisa ni jibu. Nalipeleka hivyo hivyo, na sidhani kuna wa kulikataa.

Akaandika. Breki akayumba tena.

Breki: Sasa nani ananirudisha?

Hakuna aliyethubutu kuinuka. Mkaguzi akamaliza mstari wake, akaweka nukta, na bila kuinua macho akasema:

— Haya, nendeni.

Wakaenda wote watatu, mbio.