Papa Isaïe na Mlango wa Tisa

Papa Isaïe Lokwa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kuchora ramani katika ofisi yetu ndogo ya majengo ya kale, hapa mjini, mtaa wa Makiso. Tunamuaga kwa furaha, na kusema kweli tumeshusha pumzi. Wiki mbili zilizopita hali haikuwa hivi.

Kazi kubwa ya maisha yake ni makaburi ya watawala wa kabila la Basilunga, kwenye kilima kati ya mto na reli ya Ubundu. Alifika huko mwaka 1991 na baiskeli, futi ya kupimia na mwavuli mweusi. Ndiye aliyetufundisha kuyasoma: vijumba vya mviringo vya matofali ya kuchoma, vilivyoezekwa majani, vimejipanga kando ya mto, kila mtawala akilazwa juu zaidi ya mto kuliko aliyemtangulia. Milango ni mifupi makusudi, ili kila anayeingia ainame. Papa Isaïe, mrefu kama nguzo ya umeme, aliinama kuliko sisi wote na bado ana kovu kwenye paji la uso.

Kwenye ramani yake aliandika watawala wanane. Kijumba cha tisa, ambacho mlango wake unaangalia msituni badala ya mtoni, alikiandika "depo", yaani stoo. Akakitumia hivyo hivyo: baiskeli, ndoo za chokaa, na mwavuli aliouacha wazi chini ya paa linalovuja, miaka yote hiyo. Wenyeji walikuwa wakimwona. Kwa Basilunga, jina la aliyelala huambiwa anayeuliza tu, na Papa Isaïe, mjuaji wetu, hakuuliza.

Mwaka huu ikapitishwa kwamba depo libomolewe, vijengwe vyoo vya wageni. Ramani ilikuwa yake, sahihi pia yake. Mafundi walikuwa waanze Jumatatu.

Jumamosi, siku mbili kabla, alikwenda makaburini kuaga. Desturi ya huko, anayeacha kazi ya makaburi hupiga goti kwenye kila mlango. Alipomaliza wa nane akajipangusa vumbi. Mama Philomène, binti wa ukoo wa watawala na mlinzi wa makaburi, akamwambia, akionyesha baiskeli ndani ya kijumba cha tisa: "Papa Isaïe, umeaga banane. Na ule mama mwenye unaachiaka velo kwake, hautamuaga?"

Safari hii aliuliza. Akajibiwa kwamba humo amelala mama wa mtawala wa kwanza, aliyewafundisha Basilunga kuchoma matofali. Mlango wake unaangalia msitu alikokata kuni. 

Papa Isaïe akapanda pikipiki hadi mjini, akamtoa mkurugenzi wetu, Mama Claudine, kwenye harusi ya mpwa wake, akakiri kosa mbele ya wageni, na Jumapili nzima akachora upya. Jumatatu asubuhi mafundi walikuta ramani mpya imebandikwa: nyumba tisa. Wakarudi na nyundo zao. Sisi tulicheka hadi machozi, na wengine machozi hayakuwa ya kicheko.

Baiskeli imetolewa, ndoo pia. Alipoushika mwavuli, Mama Philomène alimkatalia. Paa bado linavuja, alisema, na mwenye nyumba ameshauzoea.

Asante, Papa Isaïe, kwa ramani zote, na zaidi kwa ile ya mwisho. Tumekununulia mwavuli mwingine. Nenda nao salama, na miaka iliyobaki iwe mirefu na yenye amani.