Ng'ombe Hakuwa Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbukwenyi nyote! Asifiwe hata kwa machozi, maana mimi leo sina namna nyingine ya kumsifu.

Mnanijua. Mimi ni mama Marita wa hapa Ipagala. Zamani mliniita mama Eliya.

Vita hii ya wazungu ilipoanza, askari wa Wajerumani walimchukua mume wangu akabebe mizigo yao. Mpaka leo hajarudi. Kisha wakaja tena, wakabeba mawele yote ghalani, wakaswaga ng'ombe wetu. Alisalia mmoja tu, kwa kuwa asubuhi ile binti yangu Marita alikuwa amempeleka korongoni kunywa maji. Na huyo mmoja, ndugu zangu, hakuwa wetu! Alikuwa wa Mzee Ndahani wa Bahi, rafiki wa mume wangu. Mnajua desturi yetu Wagogo: mtu haweki mali yake yote zizi moja. Rafiki anakuachia ng'ombe umtunze; maziwa unakunywa wewe, ng'ombe anabaki kuwa wake.

Na maziwa yenyewe hayakuwapo. Alikuwa na mimba, amekauka. Tulikula mlenda mtupu, kisha mizizi. Eliya wangu akaanza kuvimba miguu.

Mdogo wa mume wangu akanijia. "Shemeji, chinja! Mzee akiuliza, sema askari wamemchukua. Nani atabisha? Si wamechukua wa nchi nzima?" Yeye naye alikuwa ameachiwa fahali na Mzee huyohuyo, ameshamla, na uongo aliousema ndio huo.

Uongo mzuri kama nini! Ulikuwa umeiva, ni kuuchuma tu. Lakini mimi amri za Mungu sikuzikariri ili nipate ubatizo na jina jipya basi. Nilizipenda! Nilizisema nikitwanga, nilizisema nikiteka maji. Usiibe. Usishuhudie uongo. Nikasema, nitakwenda Bahi nikamwombe mwenyewe.

Nikambeba Eliya mgongoni, Marita akamswaga ng'ombe. Kumwacha nyuma sikuweza. Shemeji angemchinja kabla hatujafika mbali. Basi tukaenda kwa mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, polepole, jua likituchoma. Nilikuwa nikimsemesha mwanangu, naye ananiitikia. Tulipokaribia Bahi akaacha kuitikia. Nilijua. Sikumshusha. Niliingia kwa Mzee naye akiwa mgongoni.

Mzee akamgusa mtoto, akalia. "Mwanangu, ungemchinja tu! Mimi ningesema nini? Ng'ombe na mtu!"

Afadhali angenipiga. Huruma ile ilinimaliza kabisa. Tukamzika Eliya, nami nikakataa kusali. Nikamwambia Mungu waziwazi: amri yako imenilia mwanangu.

Mzee hakuwa Mkristo, lakini alitupa mahali pa kulala, akatulisha. Watu wake walichimbua kambale kwenye matope yaliyokauka, tukala. Ng'ombe akazaa, Marita akanywa maziwa, akanawiri. Mimi nilikula na moyo umekufa.

Siku moja mchana nikamwona mtu anazungukazunguka mbali na kaya ya Mzee. Shemeji! Njaa imemfikisha Bahi, na miguu imekataa kuingia. Harufu ya samaki ilimfikia palepale aliposimama, lakini uso wa Mzee hakuweza kuutazama. Akageuka aende zake. Ndugu zangu! Pale alipo ndipo ningekuwa mimi, na Marita mkononi. Nyama ingekwisha, na mlango wa pekee wenye chakula ningekuwa nimejifungia mwenyewe.

Nikamkimbilia. Nilikuwa na hasira naye, siwadanganyi. Lakini nilipomshika mkono nikakuta ni mfupa mtupu. Nikamwambia, "Twende, shemeji. Utamwambia Mzee mwenyewe." Na njiani, huku ninamvuta, nikasikia mdomo wangu unasali. Hapo ndipo Bwana aliponifungua! Shemeji alisema yote, akilia. Mzee akamjibu, "Kula kwanza."

Mtu asiniambie kwamba Mungu alimchukua Eliya ili anifundishe. Sitaki kusikia. Kwa nini alikufa, sijui; nitamwuliza Bwana mwenyewe siku nitakapomwona. Ninalolijua ni hili: amri zake hazikumla mwanangu. Njaa ndiyo iliyomla, na waliotunyang'anya chakula. Amri ndiyo iliyoniwezesha kuingia kwa Mzee uso wangu ukiwa wazi, na Marita yule pale, amekaa, mzima.

Ninamshukuru Mungu, na machozi haya yamo ndani ya shukrani. Nawe ndugu uliye na mali ya mwenzako nyumbani, na watoto wanalia njaa, mtegemee Bwana. Usidanganye. Nenda kwa mwenye mali umwombe. Ila nenda leo, mtoto angali anakuitikia.